Mpiga Pasi wa Namba Sitini na Nne

Kasha la saba lilifungwa saa sita na nusu mchana. Lilipigwa skrubu kumi na mbili, likabandikwa lakiri nyekundu, nami nikatia sahihi kwenye hati inayosema kwamba kilichomo ndani ni mali halali ya Jumba la Sanaa la Jiji. Mkono wangu haukusita. Nilikuwa na miezi mitano kazini kama karani wa makusanyo, na hati ile nilikuwa nimeiandika mwenyewe, neno la kwanza hadi la mwisho.

Ndani ya kasha ilikuwamo picha namba sitini na nne, Mpiga Pasi. Mtu wa jiji letu ukimtajia jumba la sanaa, picha inayomjia kichwani ni hiyo: mwanamke ameinama juu ya meza, pasi ya mkaa mkononi, mvuke unampanda kifuani, na macho yake hayako kwenye nguo, yako dirishani, kama aliyesikia mtu anamwita. Mchoraji alikuwa dobi. Hakuwa na turubai, akachora kwenye shuka ambalo mteja hakurudi kulichukua.

Picha saba zilikuwa safarini siku hiyo. Zingezunguka miaka mitatu katika majumba ya nchi jirani, na kwa kushukuru, wenyeji wake wangetuezekea paa jipya juu ya ghala, pale ambapo mvua huingia bila kubisha hodi. Ghalani tuna vipande mia tisa: picha, vinyago, vyungu, vitambaa vya kudarizi. Kila msimu wa mvua tunavihamisha kutoka kona moja kwenda nyingine kama watu wanaokimbiza watoto. Basi safari ile ilikuwa neema. Lori lingeingia uani saa kumi kamili.

Nilikuwa nakatiza ukumbi mkubwa kwenda kula nilipomkuta Bibi Jumanne.

Hilo si jina lake, ni jina ambalo walinzi walimpa kwa sababu huja kila Jumanne, viatu vimefutwa vumbi, mkoba umebanwa kwapani. Hukaa nusu saa kwenye benchi mbele ya Mpiga Pasi, kisha huyoo, anakwenda zake. Siku hiyo hakukaa. Alisimama mbele ya ukuta, mbele ya mstatili mweupe uliobaki pale picha ilipokuwa ikiuziba ukuta usipate jua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Amekwenda wapi?"

"Nani, bibi?"

"Mama yangu."

Nilimtazama usoni, nikaona hatanii wala hajachanganyikiwa. Nikamweleza juu ya safari, nchi jirani, miaka mitatu. Nilieleza vizuri, kwa sauti ile tunayowaelezea nayo wageni wa shule. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "nina miaka sabini na tisa. Miaka mitatu yako na miaka mitatu yangu haina urefu mmoja. Nani amewaruhusu?"

"Ni mali ya jumba, bibi. Ilitolewa zawadi."

"Na nani?"

"Na mchoraji mwenyewe."

"Mchoraji ni baba yangu, na baba hakutoa zawadi. Aliazima. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyeshika mlango ili picha ipite."

Akanisimulia pale pale, amesimama. Bwana mmoja mwenye mkokoteni alikuja hadi kwenye chumba chao cha udobi. Alikuwa anakusanya vitu vya kuweka katika jumba jipya. Baba yake akamwambia, mchukue watu wamwone, lakini huyu ni wa kurudi, siku tukimtaka tutakuja. Wakapeana mikono. Mwaka uliofuata mama yake akafariki dunia. Picha ya kamera hakuna, maana siku zile kupigwa picha yalikuwa mambo ya wenye nacho.

"Mbona hamkuja kuichukua?"

"Kuipeleka wapi? Tulikuwa na chumba kimoja na moshi. Hapa alikuwa na dirisha kubwa na mlinzi mlangoni. Mtu ukijua mama yako yupo nyumbani, huendi kumvuta mkono. Unakwenda kumsalimia, unarudi."

"Mna karatasi yoyote, bibi?"

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Baba alikuwa akiweka alama kwenye nguo za watu. Kwenye ahadi za watu hakuweka."

Nilimwonea huruma, lakini sikumwamini. Ngoja nieleze kwa nini, maana hapo ndipo kosa langu lilipo.

Jumba letu zamani lilikuwa posta. Hata leo vyungu tumevipanga katika madirisha ya kuuzia stempu. Aliyelianzisha alikuwa mwalimu wa kuchora ambaye wote tunamwita Bwana Wino, kwa kuwa hakuandika kitu kwa penseli maisha yake yote. Hakuwa na fungu la fedha wala gari. Alikopa mkokoteni wa muuza kuni, akapita mtaa kwa mtaa akibisha hodi: una kitu kizuri ambacho watu wengine wangefurahi kukiona? Mwaka wa kwanza alipata vitu zaidi ya mia mbili. Vingine alipewa, vingine aliazimwa. Kila kimoja alikiandika katika daftari la mapokezi, na daftari hilo la kwanza ndilo lililolowa bomba lilipopasuka. Karatasi ziligandana. Namba sitini na moja hadi sabini na moja hazisomeki hata kwa kioo cha kukuzia. Mapengo kumi na moja, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua kama vitu hivyo, vyote picha za kutundikwa, ni vya jumba au vya watu.

Mimi ndiye niliyeyaziba. Katika sanduku la barua zake nilikuta kijitabu, na ndani yake Bwana Wino ameandika utaratibu wake: kilichotolewa zawadi kitundikwe kwa waya, kilichoazimwa kitundikwe kwa kamba, ili mwenyewe akija asisumbuke kukifungua. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Nilipenda kwamba mtu aliwahi kufikiri hivyo. Kisha nikachukua ngazi na tochi, nikachungulia nyuma ya picha zote kumi na moja. Waya, waya, waya, hadi ya mwisho. Nikaandika zawadi mara kumi na moja, na Mama Mkurugenzi akanipongeza mbele ya wafanyakazi wote. Nilirudi nyumbani siku ile nikitembea kama niliyenunua barabara.

Kwa hiyo nilimwambia Bibi Jumanne akae kwenye benchi kidogo, nimletee shahidi. Nilitaka asikie kutoka kwa mtu mzima mwenzake kwamba picha ilikuwa na waya, asibaki akidhani kijana mmoja mwenye vyeti amemdhulumu.

Shahidi wangu alikuwa fundi wa fremu. Karakana yake iko nyuma ya ukumbi, na harufu yake ya gundi humtangulia kokote aendako, ndiyo maana tunamwita Mzee Gundi. Nilimkuta anakula, sahani imewekwa juu ya msumeno.

"Karibu, Msomi! Umekuja kula au kunihesabu?"

"Nimeshiba, mzee. Nina swali dogo tu. Asubuhi uliposhusha Mpiga Pasi, ilikuwa na waya, sivyo?"

"Waya, ndiyo. Tena waya mzuri. Waya wangu mwenyewe."

"Wako kivipi?"

"Niliufunga mimi. Unadhani ulijiotea?"

Nilijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. "Kabla ya huo ilikuwa na nini?"

"Kamba iliyooza." Akameza, akanywa maji. "Miaka kumi na tisa iliyopita picha moja ilianguka watoto wa shule wako ukumbini. Mungu alituhurumia, ilimkosa mtoto kwa shubiri moja. Mkurugenzi wa wakati huo akaniambia, Gundi, kamba zote nje, waya ndani. Nikazibadilisha wiki nzima. Na matundu ya fremu yaliyopitishiwa kamba nikayaziba kwa vumbi la mbao na gundi, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Hata wewe na tochi yako usingeyaona. Ulipanda ngazi pale, nikakuona, nikasema acha msomi asome."

"Picha ngapi zilikuwa na kamba?"

"Nyingi. Nyingine zilikuwa na waya tangu zamani. Sikuandika. Nilidhani kamba ni ufukara tu wa yule bwana." Akaniangalia, akaacha kula. "Kwani kuna nini? Mbona umekuwa hivyo?"

Nikamweleza juu ya kijitabu. Alivuta pumzi ndefu, akasukuma sahani pembeni.

"Kwa hiyo nilifuta daftari bila kujua kama ni daftari."

"Mzee, na mimi nimeandika hati kumi na moja..."

"Na hukuniuliza." Hakusema kwa ukali, na hilo liliniuma zaidi. "Kutoka mezani kwako hadi hapa ni hatua thelathini. Uliuliza karatasi, Msomi. Mimi nilikuwa hapa nakunywa chai."

Nikatazama saa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

"Tukifungua kasha, utaweza kuonyesha kama ilikuwa na matundu?"

"Kama fremu ni ile ya zamani. Zile zilizoliwa na mchwa nilizibadilisha zote. Hii sikumbuki, nikikuapia nitakuwa nadanganya. Ikiwa fremu ni mpya, utakwangua mpaka kesho, hutakuta kitu."

Nilikwenda ofisini kwa Mama Mkurugenzi. Niliambiwa yuko kwenye simu na watu wa jiji. Nilisubiri mlangoni kama saa nzima, mgongo ukutani, nikisikia sauti yake ikicheka kile kicheko cha kiofisi. Nilihesabu vigae. Niliwaza kwamba mkataba wangu ni wa miezi sita. Niliwaza pia kwamba nikiondoka pale mlangoni nikaenda kula, hakuna mtu duniani atakayejua. Bibi hakuwa na karatasi. Fundi asingesema asipoulizwa. Wazo hilo lilikaa nami kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Mlango ulipofunguliwa nilisema yote kwa pumzi moja. Mama Mkurugenzi si mtu mbaya. Amelilinda jumba lile miaka kumi kwa kuomba hapa na pale, na ndiye anayeshika ndoo ya kwanza mvua ikinyesha. Alinisikiliza, kisha akafunga mlango.

"Una uhakika?"

"Sina, mama. Nina uhakika kwamba sijui."

"Na unataka tufungue kasha lililopigwa lakiri, mbele ya mjumbe, saa moja kabla ya lori. Tukikuta hakuna tundu?"

"Nitakuwa nimekosea mara mbili."

"Wewe utakuwa umekosea. Mimi nitakuwa nimepoteza paa." Aliketi ukingoni mwa meza. "Sikiliza, binti yangu. Yule bibi namjua, namheshimu. Picha ikirudi tutakaa naye, tutazungumza. Leo yeye hana karatasi, sisi tunayo."

"Karatasi hiyo nimeiandika mimi, mama. Haijui lolote ambalo mimi silijui."

"Miaka mitatu si milele."

"Kwake inaweza kuwa."

Aliinuka kutoka mezani. Kisha akasema, taratibu, "Rudi kazini," na akatoka kwenda uani. Nilimfuata. Sikuamua kumfuata, miguu ndiyo iliyonipeleka.

Uani makasha saba yalikuwa yamepangwa kivulini. Mjumbe wa wenyeji wetu, mwanamume mwembamba anayeongea polepole kama anayehofia kuamsha mtoto, alikuwa akilinganisha lakiri na orodha yake. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika tano. Mzee Gundi alikuwa amekaa juu ya kreti na kisanduku chake cha zana magotini. Hakuitwa na mtu. Alikuwa amekuja tu.

"Kila kitu sawa?" mjumbe aliuliza.

"Kila kitu sawa," alisema Mama Mkurugenzi.

"Naiondoa sahihi yangu," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotarajia, nikadhani hawakusikia. Nikairudia. "Sahihi yangu kwenye namba sitini na nne, naiondoa. Nilithibitisha kitu ambacho sikukihakiki."

Mama Mkurugenzi hakugeuka kunitazama. Niliona mabega yake tu, yalivyopanda, yakabaki juu.

Mjumbe aliweka orodha yake juu ya kasha. "Bila sahihi ya karani, bima haisimami," alisema. "Na bila bima siwezi kulipakia. Naomba nielezwe."

Nikaeleza. Kamba, waya, fundi, bibi. Nilipofika kwenye habari za bibi, mjumbe aliinua macho yakanipita, nami nikageuka. Bibi Jumanne alikuwa amesimama mlangoni mwa uani, mkoba kwapani. Alikuwa amechoka kungojea shahidi.

"Kufungua ni dakika ishirini," mjumbe alisema akiangalia saa yake. "Kufunga tena, nusu saa. Tuna nafasi ya kufungua mara moja tu. Mama, jumba ni lako. Unasemaje?"

Mama Mkurugenzi aliyatazama makasha saba, moja baada ya jingine. Hatimaye alisema, "Fungua, Gundi."

Skrubu kumi na mbili. Nilizihesabu zote. Lakiri ilikatika kwa mlio kama wa biskuti. Tulinyanyua picha watu wawili, tukailaza kifudifudi juu ya blanketi, na nyuma ya fremu ikatutazama, kahawia, laini, imepakwa rangi kwa uangalifu. Waya wa Mzee Gundi ulikuwa umefungwa juu, karibu na mabega ya picha.

Alipitisha kidole gumba taratibu ubavu wa kushoto. Akatoa patasi ndogo, akakwangua chini kidogo ya pete ya waya. Rangi ikatoka, ikaonekana mbao nzima, mishipa yake imenyooka. Akahamia kulia. Akakwangua. Mbao nzima.

"Hapa ndipo walipokuwa wakitoboa," alisema, na jasho lilikuwa limemtoka. "Theluthi ya juu. Zote nilizoziba zilikuwa hapa."

"Kwa hiyo fremu ni mpya," alisema Mama Mkurugenzi.

"Au ilikuwa na waya tangu mwanzo," alisema mjumbe, kwa upole. Alitazama saa. "Tisa na dakika thelathini na tano. Samahani. Tuanze kufunga."

Nilijua kwamba nimekwisha. Ajabu ni kwamba sikuwa nikifikiria kazi. Nilikuwa nikimfikiria bibi atatembeaje kutoka pale hadi kituo, kwa miguu ile, baada ya kuambiwa mara ya pili kwamba baba yake ni mwongo.

"Siku zile alikuwa anainama," Bibi Jumanne alisema.

Tuligeuka. Alikuwa amesogea hadi kwenye blanketi.

"Alikuwa anafanyaje, mama?" aliuliza Mzee Gundi.

"Picha. Ilipotundikwa hapa mara ya kwanza ilikuwa inainama mbele, inatoka ukutani, hivi." Akainamisha kiganja. "Mdogo wangu aliogopa, akasema mama anataka kushuka. Baadaye wakainyoosha ikalala bapa ukutani. Sikupenda, lakini nitamwambia nani?"

Mzee Gundi alimkodolea macho, kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja chenye vumbi. "Ewe kichwa! Picha ikiinama mbele imeshikwa chini. Yule bwana alifunga kamba katikati, karibu na kiuno! Nimekwangua mabegani kama mjinga."

Alihamisha patasi shubiri nzima chini. Hata mjumbe aliinama kutazama. Rangi ilitoka, kisha badala ya mbao ikaanza kutoka unga, unga mkavu wa rangi ya mkate. Akaupuliza. Akaendelea. Tundu likafunguka, duara, upana wa penseli, na ndani yake, zimegandia kwenye gundi, nyuzi tatu nne za katani.

Akafungua na la upande wa pili. Lilikuwa sawasawa nalo.

Mzee Gundi alikaa chini juu ya sakafu. "Kazi yangu nzuri hiyo," alisema. "Miaka kumi na tisa hakuna aliyeiona."

Bibi alisogea karibu. Aliinama, akaweka ncha ya kidole kwenye tundu, kama mtu anayepima maji ya mtoto ya kuoga.

Mjumbe alivua miwani. "Mama," alimwambia Mama Mkurugenzi, "hii siwezi kuichukua."

"Si hii tu," nikasema. Kwa kuwa nilikuwa nimeanza, ilibidi nimalize. "Namba sitini na moja na namba sitini na nane zimo kwenye makasha mengine. Ziliandikwa kwa kanuni hiyo hiyo. Sijui ni za nani."

Safari hii Mama Mkurugenzi alinigeukia. Nilijiandaa. Akasema kwa sauti kavu, "Kuna nyingine, au umefika mwisho?"

"Nimefika mwisho, mama."

"Afadhali."

Akamkabili bibi. Alinyoosha gauni lake, na nilielewa kwamba sasa anazungumza na mwenye mali. "Bibi, samahani. Tulikosea. Picha ni yenu. Lakini naomba nikuulize, na una haki ya kukataa. Ghala letu linavuja. Wageni hawa wameahidi paa kwa picha saba, na hii ndiyo waliyoitaka kuliko zote. Ungeturuhusu iende mwaka mmoja tu?"

Nilimtazama bibi. Nakiri kwamba moyo wangu ulitaka aseme ndiyo. Ingekuwa hadithi nzuri: paa lingepatikana, kosa langu lingefunikwa, kila mtu angekwenda nyumbani ameridhika.

"Hapana," alisema Bibi Jumanne.

"Hata miezi sita?"

"Hapana, mwanangu. Usinibembeleze, nisije nikakubali kwa haya, kisha nikafa kwa uchungu. Vitu vyenu vinanyeshewa, nimesikia, na roho inaniuma. Lakini mimi nina Jumanne chache."

Mama Mkurugenzi aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu, lakini alisema, "Tumekusikia," na akamaanisha.

Lori liliingia saa kumi na dakika mbili. Lilipakia makasha manne. Nilimwuliza mjumbe, pembeni, kama paa ndiyo tumelikosa. Alifikiri kabla ya kujibu. "Nitaandika nilichokiona," alisema. "Nitaandika pia kwamba ni jumba linalofungua kasha lake lenyewe. Wakubwa wangu watasema nini, sijui." Akanipa mkono. Mpaka leo ninapoandika haya jibu lao halijafika, na juzi tulihamisha vyungu tena.

Mama Mkurugenzi aliniita lori lilipokuwa likigeuka. "Kesho saa mbili, ofisini kwangu, na orodha ya zile kumi zilizobaki. Utapita mtaa kwa mtaa kama Bwana Wino, uulize watu. Mkokoteni sina wa kukupa."

"Na mkataba wangu, mama?"

"Usinichokoze. Kazi umejiongezea mwenyewe, nani mwingine ataifanya?"

Picha tuliirudisha ukumbini jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado dirishani. Mzee Gundi alipanda ngazi, akaishikilia pale pale, juu ya mstatili mweupe, na bibi akakaa kwenye benchi akitazama.

"Sawa hapo, mama?"

Bibi alisita. Ilikuwa wazi kwamba kuna neno analo, na kwamba hajawahi kulisema kwa sababu halikuwa lake kulisema.

"Sema tu, bibi," nikamwambia. "Wewe ndiye unayeulizwa."

"Iko juu," alisema. "Mtu akizeeka hupungua. Miaka hii yote ya karibuni namwona mama kidevu tu."

Mzee Gundi akashuka kidato kimoja. "Hapa?"

"Chini kidogo."

"Hapa?"

"Bado, baba. Chini."

Akashuka hadi nyayo zake zikagusa sakafu, akaishika picha kwa mikono miwili kifuani kama mtu aliyebeba trei. Bibi Jumanne aliinuka, akasogea hatua mbili, akasimama ana kwa ana na yule mwanamke wa pasi.

"Hapo," akasema.

Nikachukua penseli, nikapiga alama ukutani.